Wapwa Wangu Wawili na Kanuni ya Kikumbo

Haya jamani, nimerudi. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wale mliokuwa mnanitumia imeili kuuliza kama nimegandishwa na baridi, mnisamehe. Nilikuwa nahangaika na insha ya somo la historia ya michezo. Nimeikabidhi juzi usiku, dakika chache kabla ya saa ya mwisho, kama kawaida yangu. Leo nimekaa maktaba, kahawa imeshapoa, nje theluji inashuka taratibu, nikaona niwaandikie ninyi yale ambayo profesa hakuyaomba.

Kisa chenyewe kilianza kwa simu. Dada yangu mkubwa anaishi mji mwingine hapahapa Ontario, mwendo wa saa mbili kwa basi. Yeye ni nesi, shemeji ni dereva wa lori, na Mungu kawajalia watoto wawili. Wa kike ana miaka 15, wa kiume ana 12 na anakaribia 13. Wote wamezaliwa huku, na wote wanacheza mpira wa magongo wa barafuni. Sie tuliokulia Tanga, barafu tuliyoijua ni ile ya vimfuko vya nailoni, ya kufyonza njiani ukitoka shule. Wao wanakimbia juu yake kwa viatu vyenye visu. Dunia hii!

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "we ndo msomi wa familia, na unasomea mambo ya michezo. Nimeletewa fomu hapa ya kusaini. Mwanao anapanda daraja, na huko anakopanda wanaruhusiwa kupigana vikumbo. Nisaini nisisaini?"

Kabla sijajibu, mpwa wangu wa kike akampokonya mama yake simu. "Mjomba, shikamoo. Mimi jana nimetolewa nje dakika 2 kwa kumgonga mtu. Ningekuwa mvulana wangenipigia makofi. Kwa nini yeye anafundishwa na mimi nakatazwa?"

Nikabaki nimeduwaa. Nikawaambia wanipe wiki. Basi bwana, ile wiki ndiyo ikazaa insha, na insha ndiyo ikazaa haya.

Kwa wale msioujua mchezo huu: kila upande una watu 6 uwanjani pamoja na golikipa, na wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kikumbo ninachosema hapa si ngumi. Ni kumgonga mwenye kisahani kwa bega, nyonga au kiwiliwili ili umtenganishe nacho. Kwa wanaume wazima ni halali kabisa, na uwanja mzima hushangilia. Kwa watoto wa kiume wa Kanada kinaanza kuruhusiwa kwenye kundi la miaka 13 na 14, tena kwa timu za ushindani tu. Kwenye ligi za wasichana hakiruhusiwi katika umri wowote. Kugusana kupo, maana mnagombea kitu kimoja, lakini ukimwendea mwenzio kwa nia ya kumwangusha, refa anapuliza filimbi.

Nilidhani kanuni hizi ni za tangu na tangu. Kumbe wapi! Mechi ya kwanza inayojulikana kuchezwa ndani ya jengo kwa kupangwa ilikuwa Montreal, tarehe 3 Machi 1875. Miaka 2 baadaye, 1877, gazeti la mji huo likachapisha kanuni, na humo tayari ilikatazwa kumvamia mtu kutoka nyuma na kumtega miguu. Yaani tangu mchezo ukiwa mchanga watu walikuwa wanabishana wapi pa kuweka mstari. Na kwenye mashindano ya kimataifa, wanaume wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kupiga kikumbo uwanja mzima hadi 1969. Kabla ya hapo kilikuwa na mipaka: ulikipiga ukiwa unalinda upande wako, si ukiwa umekwenda kushambulia kwa wenzako.

Kwa hiyo mtu akikuambia kikumbo ndiyo asili ya mchezo, mwambie asili yenyewe ilipigiwa kura. Kiliandikwa na watu, na watu hao hao wanaweza kukifuta. Swali ni watu gani, na walimuuliza nani.

Nianze na upande wa mpwa wangu wa kike.

Mwaka 1985 hapa Ontario kulikuwa na msichana wa miaka 12, Justine Blainey. Alifanya majaribio kwenye timu ya wavulana Toronto, akafuzu. Akaambiwa huruhusiwi, we msichana. Akaenda mahakamani. Mojawapo ya sababu zake, na hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti, ni kwamba kwa wavulana kulikuwa na vikumbo na mapigo makali ya gongo, na ligi ya wasichana haikuwa navyo. Alitaka mchezo wote, si nusu yake. Akashindwa mwanzoni, lakini 1986 mahakama ya rufaa ya Ontario ikakifuta kifungu cha sheria ya haki za binadamu kilichoruhusu michezo kubagua kwa jinsia, na 1987 baraza la haki za binadamu la jimbo likampa ushindi.

Cha kushangaza, chama cha mpira huo cha wanawake wa Ontario kilikuwa upande wa pili wa kesi. Hofu yao ilikuwa kwamba wasichana bora wakikimbilia kwa wavulana, ligi ya wasichana itakufa. Sikuwalaumu sana nilipoielewa. Walikuwa wameijenga ligi hiyo kwa jasho, na ilikuwa bado changa.

Tena watu wa chama hicho hicho ndio waliohangaika hadi dunia ikapata mashindano ya kwanza rasmi ya ubingwa wa wanawake, Ottawa, Machi 1990. Zilikuja timu 8. Wenyeji Kanada walivalishwa jezi za waridi (ndiyo, pinki!) ili watu waje kutazama, na watu walikuja: fainali ilikuwa na zaidi ya 8,000. Kanada wakaifunga Marekani 5 kwa 2. Na kwenye mashindano hayo, kikumbo kilikuwa ruksa.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mashindano yaliyofuata, Tampere nchini Finland, 1992, kikumbo kilikuwa kimeshaondolewa. Hoja iliyotajwa sana ni kwamba timu zilipishana mno kwa ukubwa wa miili na uzoefu. Na kweli zilipishana, maana Kanada waliifunga Japani 18 kwa bila! Ilionekana kwamba vikumbo vikiendelea, nchi changa zitavunjika moyo na mchezo hautafika Olimpiki. Ukafika, Nagano, 1998, bila vikumbo, na Marekani wakachukua dhahabu.

Sasa sikilizeni. Sisemi hoja hiyo ilikuwa ya kipumbavu. Lakini ilikuwa hoja ya kuujenga mchezo na kuupa sura, halafu kadiri miaka ilivyokwenda ikageuka kuwa hoja ya miili ya wanawake, kwamba wao hawawezi. Mtafiti mmoja wa Kanada, Nancy Theberge, aliishi na timu ya wanawake ya kiwango cha juu na kuandika kitabu kuhusu maisha yao, kilichotoka 2000. Wachezaji wale wengi walisema wanapenda mchezo wa nguvu. Juu ya kurudisha kikumbo kamili hawakuwa na sauti moja, wengine walitaka na wengine hawakutaka. Lakini walikuwa na maoni, na yalikuwa ya watu wanaojua wanachokisema.

Na je, marufuku iliwalinda vichwa? Utafiti wa vyuo vya Marekani uliochapishwa 2007 ulihesabu mitikisiko ya ubongo kwa kila mara 1,000 ambazo mchezaji anaingia mazoezini au kwenye mechi. Wanaume wa mpira huu wa barafuni, wenye vikumbo: 0.41. Wanawake, wasio na vikumbo: 0.91. Nilisoma mara mbili nikidhani nimegeuza namba. Takwimu za wanawake zilikuwa za miaka michache, na inawezekana wanawake ni wepesi zaidi wa kusema wanapoumwa kichwa kuliko wanaume wanaojikaza. Hata hivyo namba hiyo inatosha kukutoa usingizini. Kufuta kikumbo kwenye karatasi si sawa na kufuta kugongana kwenye barafu. Asiyefundishwa kupokea pigo anapokutana nalo kwa bahati mbaya, linamkuta kainamisha kichwa.

Sasa upande wa kijana wetu, na hapa mambo ni tofauti kabisa.

Hoja ya zamani ya makocha ilikuwa hii: wafundishe wakiwa wadogo, wakikua watakuwa wamezoea. Ni hoja inayoingia akilini, hata kwetu tunasema samaki mkunje angali mbichi. Na kila mtu alijua hatari ipo. Tarehe 20 Oktoba 1995 kijana wa chuo kikuu cha Boston, Travis Roy, miaka 20, aliingia kwenye mechi yake ya kwanza ya chuo. Sekunde 11 tu. Alikwenda kumpiga mpinzani kikumbo, akapitiliza na kugonga ukuta wa pembeni, akapooza kuanzia shingoni hadi alipofariki 2020. Angalieni: aliyeumia ndiye aliyekuwa anapiga.

Lakini ajali moja, hata iwe ya kutisha vipi, si hesabu. Hesabu ilipatikana kwa sababu ya ugomvi wa Kanada wenyewe. Jimbo la Alberta liliruhusu vikumbo kwa watoto wa miaka 11 na 12, jimbo la Quebec halikuruhusu. Nchi moja, mchezo mmoja, umri mmoja, kanuni mbili! Watafiti wakaongozwa na Carolyn Emery wa Calgary, wakafuatilia msimu wa 2007 hadi 2008. Alberta, wachezaji 1,108: majeraha 241, kati yake mitikisiko ya ubongo 78. Quebec, wachezaji 1,046: majeraha 91, mitikisiko 23. Wakipiga hesabu kwa saa za kucheza, hatari ya Alberta ilikuwa zaidi ya mara 3. Matokeo yakachapishwa 2010.

Na ile hoja ya samaki mkunje? Wakaipima pia. Mwaka uliofuata walichapisha ulinganisho wa watoto wa miaka 13 na 14 wa majimbo yale yale, waliozoea vikumbo tangu 11 na wasiozoea. Kwa jumla ya majeraha na mitikisiko ya ubongo, mazoea hayakuwapunguzia kitu. Palikuwa na nafuu kwenye majeraha ya kumweka mtoto nje zaidi ya wiki moja, na lazima niseme hivyo maana ni kweli. Lakini nafuu hiyo ilikuwa imelipiwa kwa miaka 2 ya vichwa vya watoto wa darasa la sita.

Januari 2011, nyota mkubwa wa mchezo huu, Sidney Crosby, akagongwa kichwani mara mbili ndani ya siku chache, akakaa nje miezi mingi. Ghafla kila nyumba ikawa inajua maana ya mtikisiko wa ubongo. Juni mwaka huo Marekani wakapandisha umri wa kikumbo kutoka miaka 11 hadi 13. Kanada wakafuata kwa kura ya Mei 2013. Wazazi na makocha wengine walilalamika kwamba mchezo unalainishwa. Watafiti wakarudi Alberta kuhesabu tena: majeraha kwa wale wa miaka 11 na 12 yalishuka kwa nusu, mitikisiko ya ubongo kwa zaidi ya nusu. Baadaye, 2020, wakachapisha ya miaka 13 na 14 kwenye ligi za chini ambazo ziliacha kikumbo: huko nako majeraha yalikuwa chini kwa zaidi ya nusu.

Mmeona tofauti? Kwa watoto, kanuni ilibadilishwa baada ya kuhesabu, tena kwa mbinde. Kwa wanawake ilibadilishwa baada ya mashindano ya wiki moja, na ikadumu miaka 30 na zaidi. Kote wanatumia neno moja, ulinzi. Ila ulinzi wa kwanza una ushahidi, na wa pili una desturi.

Na desturi imeanza kutikisika. Mwaka 2022 ligi kuu ya wanawake ya Sweden iliruhusu kikumbo. Tarehe 1 Januari 2024 ligi mpya ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilianza kwa mechi ya Toronto, na kanuni zake zinaruhusu kikumbo alimradi unagombea kisahani, si kumtafuta mtu. Kwenye Olimpiki na ubingwa wa dunia wa wanawake, kikumbo cha wazi bado kina adhabu.

Jumapili nikapanda basi nikaenda kwa dada. Kapika wali wa nazi na samaki, kama ananihonga. Tukakaa mezani wanne, shemeji alikuwa safarini. Nikaeleza yote haya, kwa lugha fupi.

Dada akanyamaza kidogo. Akasema mwezi uliopita aliletewa wodini mtoto wa miaka 14, katoka uwanjani. "Aliniuliza mimi ni nani mara nne ndani ya dakika kumi. Mara nne, mdogo wangu. Mama yake kasimama pale kashika begi la viatu."

Mpwa wangu wa kike ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko insha yangu yote. "Mjomba, mimi nataka kufika ile ligi ya kulipwa. Huko wanapiga. Sasa kama sifundishwi hapa, nitajifunzia wapi? Siku ya kwanza nikiwa na miaka 22?" Sikuwa na jibu la kumpinga. Nikamwambia dada aongee na kocha wake, si wa kuruhusu vikumbo, kanuni ni kanuni, bali wa kuwafundisha wasichana kupokea kugongwa: kichwa juu, magoti yamekunjwa, usisimame hatua moja au mbili kutoka ukutani. Hayo hayakatazwi na kanuni yoyote.

Na kijana? Muda wote alikuwa anachezea mifupa ya samaki. Nikamuuliza: "Na wewe, unataka nini?" Akatazama mlango kama kocha yupo nyuma yake. Akasema wenzake wote wanaenda. Nikamwambia sikuulizi wenzako. Akakaa, akakaa, halafu kwa sauti ndogo: "Naogopa kidogo. Lakini msimwambie kocha."

Dada akaweka kijiko chini. Fomu ilikuwa imekaa juu ya friji siku 9, na sote watatu, mimi na vitabu vyangu nikiwemo, tulikuwa hatujamuuliza. Fomu haikusainiwa. Msimu ujao atacheza kwenye ligi isiyo na vikumbo, atakaa na rafiki zake wachache tu, na jambo hilo limemliza. Nimepewa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti la kutotaja majina, na kwamba nimnunulie gongo jipya. Bei ya gongo moja huku, we acha tu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na barafu yao. Sawa, lakini Nairobi kuna timu, Kenya Ice Lions, waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hotelini. Mwaka 2018 waliletwa huku Kanada na huyo huyo Crosby akavaa jezi yao akacheza nao. Na 2024 Kenya iliingia kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu kama mwanachama mshiriki. Maana yake hivi vitabu vya kanuni sasa vinafunguliwa na Waswahili pia, na siku moja mzazi wa Nairobi naye ataletewa fomu.

Akiniuliza, nitamwambia asome hesabu, kisha awaulize wanaocheza.

Haya, naenda kulala, kesho kuna kipindi saa mbili asubuhi na barabara zimejaa barafu. Nanyi mlio na watoto kwenye michezo ya nguvu, iwe ndondi, raga au karate, mliamuaje? Niambieni. Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.